Namba ya Simu kwenye Ukurasa wa Mwisho

Naapa kwa macho yangu mawili, hata hili lenye mtoto wa jicho, kwamba haya yote ni kweli tupu. Nilikuwa mchapaji hapa Osaka miaka thelathini na nane, na mchapaji hana kipaji cha kubuni.

Ilikuwa Juni ya mvua, mwaka wa themanini na sita. Ukumbi wa kata ulijaa vijana waliouziana vitabu vya manga, hadithi za katuni, walivyochora wenyewe, meza kwa meza, joto kama ndani ya sufuria ya wali. Nyuma ya meza moja alikaa Rintaro, miaka kumi na saba, miwani minene, vidole vyeusi kwa wino. Alichora manga za wasichana, za maua na machozi, na kwenye jalada aliandika jina la kike. Nani angenunua machozi ya mvulana?

Mbele yake akasimama msichana mrefu, sketi ya buluu, blauzi nyeupe yenye kola ya duara, nywele zikigusa mabega. Akamnyooshea daftari la kuchorewa, kama ilivyokuwa desturi pale.

"Niandike kwa nani?" Rintaro akauliza.

"Chiaki."

Sauti ilikuwa nzito kuliko blauzi. Rintaro akainua macho, na Chiaki akalivuta daftari lake.

"Nirudishie. Najua unachotaka kusema."

"Nataka kusema kola yako ngumu kuchora. Tulia basi, unatikisika kama jeli."

"Na wewe mbona kwenye jalada unaitwa Yuriko?"

"Yuriko yuko chooni. Mimi namshikia meza."

Chiaki akacheka, akasahau kuziba mdomo kwa kiganja kama walivyofanya wasichana.

Siku za shule Chiaki alivaa kama wavulana wenzake, koti jeusi lenye kola ya kukaba shingo. Jumapili alibeba sketi ya dada yake kwenye mfuko, akabadili nguo kwenye choo cha duka kubwa, akatoka akiwa mtu mwingine. Jioni alimpigia Rintaro kutoka kibanda cha simu.

"Halo, Yuriko."

"Yuriko amelala. Nani mwenzangu?"

"Mteja wake. Sarafu zinaisha, niambie kitu kizuri."

"Nimekuchora kurasa kumi na mbili. Pua nimekosea zote."

"Hicho ndicho kitu kizuri?"

"Chii, nikikuchora sijiulizi kama ni mvulana au msichana. Nachora wewe."



"Hata mimi sijui vizuri," Chiaki akasema. "Ila nikivaa lile koti, naona kama kuna mtu mwingine amekwenda shule, mimi nimebaki nyumbani."

Kurasa zile zikawa kitabu, habari za mvulana aliyeomba aitwe binti kwa siku moja, na sura ya jaladani ilikuwa ya Chiaki. Tulikichapa kiwandani kwetu. Sasa, miaka ile ukurasa wa mwisho ulibeba jina, anwani na simu, ili wasomaji waandike barua na kusalimia. Rintaro, kwa furaha yake, akaweka namba ya nyumbani kwa Chiaki.

Siku ya tatu baada ya kitabu kuuzwa, simu ikalia kwenye duka la dawa la baba yake, lililokuwa hapo hapo nyumbani.

"Naomba kuongea na dada Chiaki, yule wa jaladani," alisema binti mmoja kutoka Kobe.

"Hapa hakuna dada Chiaki. Chiaki ni mwanangu wa kiume."

"Basi ndiye. Sketi inampendeza sana."

Yule mzee hakuwa mtu wa kelele. Alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mama yake, akamketisha Chiaki kwenye kiti cha jikoni na kumnyoa kipara. Sketi ikachomwa uani. 

Rintaro alimkuta kituoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Ulitaka watu wanipigie wanicheke?"

"Chii, sikuandika mimi."

"Kitabu ni chako."

"Nisikilize."

"Usiniite Chii."

Akapanda treni. Lakini msihuzunike. Miaka saba baadaye walikutana kituo cha Umeda, chini ya mwavuli mmoja, wakalia, wakavalishana pete, wakafuga mbwa wawili.

"Mbwa wangapi?" akauliza Chiaki.

Nilikuwa nikimsomea hadithi hii kwenye saluni yake, mtaani kwetu, shuka shingoni, nusu ya nywele zangu imeshakatwa. Ana miaka hamsini na sita, midomo myekundu, na mtaa mzima humwita mama. Nilidhani nikimpa mwisho mzuri, hata wa kwenye karatasi, atafurahi.

"Wawili," nikasema.

"Mzee Kuwabara, sijafuga hata samaki. Na Umeda hakuna aliyenisubiri." Mkasi ukasimama karibu na sikio langu. "Rintaro hakuwa na namba yangu. Nilimkataza hata kuiuliza, maana baba ndiye aliyekuwa akipokea simu. Niliiandika mahali pamoja tu, kwenye fomu ya oda, siku nilipokuletea zile kurasa. Hasira ya siku zile ilinisahaulisha, nimekumbuka leo."

Nikatazama kioo, nikakosa pa kuweka macho.

"Ukurasa wa mwisho ulikuja mtupu," nikasema. "Nikaujaza. Nilidhani nawasaidia."

"Rintaro hakuja kukuuliza?"

"Alikuja. Nikamwambia namba uliiandika wewe Chiaki, sisi tulichapa tu."

Chiaki akaufuta mkasi kwa kitambaa.

"Yuko wapi?"

"Sendai, kule kaskazini. Hunitumia kadi kila mwaka mpya. Anauza matairi. Hachori tena."

Akaniwekea simu mapajani. "Piga. Mwambie kwa mdomo wako."

Nikapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Nikamweleza yote, bila kupamba. Hakuniuliza lolote kuhusu mimi.

"Yupo hapo?" akasema.

Chiaki akaichukua simu, akanionyesha mlango kwa mkasi.

Nikasimama nje kwenye manyunyu, shuka shingoni, upande mmoja umekatwa, upande mmoja kichaka. Mama wa duka jirani la tofu ya soya akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia ndiyo. Kupitia kioo nilimwona Chiaki amenipa mgongo, simu sikioni, anasikiliza. Baadaye akakaa kwenye kiti changu. Aliambiwa nini sijui, na sitabuni.