Kikohozi cha Darajani

Simu arobaini zilikuwa zimelala juu ya meza moja, zikinyonya jenereta moja, na watu wa ng'ambo zote mbili za mto wakisukumana kuzigombania. Ndivyo mji ulivyokuwa tangu vita viukate umeme: wa msikitini huku, wa kanisani kule, lakini kuchaji simu wote hapa, chini ya daraja.

Mshonaji mmoja wa upande wa msikiti alikuwa hajavua hata viatu alipofika kwao, simu aliyokabidhiwa pale mezani ikalia.

"Haloo?"

"Hiyo simu ni yangu, dada."

"Yako? Mbona iko mkononi mwangu?"

"Ndilo ninalokuuliza. Na yako ninayo mimi. Mama yako amepiga mara tatu. Anasema usisahau sabuni."

"Umeongea na mama yangu!"

"Tumeongea sana. Kifua kinamsumbua, pole yake. Kaniuliza mimi nani, nikamwambia mwizi mstaarabu. Kacheka mpaka akakohoa. Nimemwahidi sabuni."

Kesho yake wakakutana pale pale. Mwenye simu alikuwa fundi saa wa upande wa kanisa, shati limenyooshwa pasi hadi mikunjo inakata, kidole gumba cheusi kwa mafuta. Mshonaji alivaa mtandio wa kijani, na pini tatu zimechomwa kifuani kama nishani za jenerali.

"Kumbe mwizi mwenyewe mwembamba hivi?" mshonaji alisema.

"Na wewe kumbe ni sindano tupu. Nitakuita Sindano."

"Sindano huchoma, Fundi."

"Khm," alikohoa. Alikohoa hivyo kila alipotaka kusema jambo zito. "Basi nichome."

Mapenzi hayaulizi mtu anaswali wapi. Watu ndio huuliza, na wenye bunduki huuliza zaidi. Miezi miwili baadaye vizuizi viliwekwa pande zote mbili za daraja, na vijana wa pale hawakutaka kitambulisho. Walisema, "Sali." Aliyeshindwa kusali sala ya upande ule alishushwa kando ya mto, na wengi hawakurudi.

"Tufundishane," Fundi alisema kwenye simu.

"Mimi nisome ya kwenu? Umerukwa na akili?"

"Mungu anajua wewe ni nani, roho yangu. Wale vijana ndio hawajui."

Siku zile, kumfundisha mtu wa ng'ambo sala yenu kulikuwa kama kumpa ufunguo wa nyumba ambamo watoto wako wamelala. Walipeana. Fundi alijirekodi sauti, akatuma. Mshonaji aliisikiliza huku cherehani ikienda, akaikariri kama mtu anavyokariri wimbo, na pumzi zake zote. Naye akarekodi sura ya kwanza ya kitabu chao, aya saba, akatuma.

Jioni ile Fundi alipiga, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa kicheko.

"Unacheka nini?"

"Hapa katikati, mpenzi, baada ya aya ya tatu, ume..."

"Msikiti wetu umechomwa moto juzi. Baba yangu alizikwa pale. Leo nakupa sura yetu, unaicheka?"

"Sindano, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga mpaka chaji ikamwishia. Siku ya tano akatuma ubeti:

*Sindano hupita nguo, ikaacha uzi nyuma,*
*Umepita bila tuo, na uzi wako wauma.*

Mshonaji aliusoma mara saba. Hakujibu. Kiburi nacho kina wapenzi wake.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi, mshale wa mtungi wa oksijeni wa mama yake uliangukia kwenye wekundu. Mitungi ilijazwa hospitali moja tu, ng'ambo, upande wa kanisa. Mtungi wa akiba ulikuwa mtupu. Uliobaki ulikuwa wa kumfikisha mama jioni ya kesho yake. Asubuhi mshonaji akavua mtandio, akavaa gauni la bluu lenye kola nyeupe alilolishona usiku kucha kwa kuiga mavazi ya wanakwaya, akaupakia mtungi mtupu kwenye toroli. Kumpigia Fundi hakumpigia.

Kwenye kizuizi cha upande wa kanisa alisimama kinyozi, ambaye siku hizi alishika bunduki badala ya wembe. Pembeni yake alikuwepo mgeni mmoja aliyeletwa na vita.

"Sali," kinyozi alisema.

Akasali. Neno halikumponyoka. Alipokaribia pale penye kuombwa mkate akasema, "Khm," kisha akaendelea.

Kinyozi alimkazia macho. "Rudia."

Akarudia. "Khm." Pale pale.

Kinyozi na Fundi walitumikia altareni pamoja miaka minane, na padri alikuwa akimfinya sikio Fundi kwa kikohozi kile kile, mahali pale pale. Akatoa simu.

"Uko wapi?"

"Dukani."

"Njoo kizuizini. Kuna mwanamke hapa anakohoa kikohozi chako."

Fundi aliiacha saa ya mtu imepasuliwa mezani, akakimbia. Alipofika, mgeni alikuwa ameshaikoki bunduki.

"Anayewafundisha hawa sala zetu ndiye tunayemtafuta," mgeni alisema. "Unamjua huyu?"

Macho ya kinyozi yalimsihi aseme hapana.

"Khm," Fundi alisema. "Ni mchumba wangu. Nimemfundisha mimi. Kama ni kosa nifungeni mimi, mtungi uende."

Kinyozi akasogea mbele ya mtutu.

"Mchumba wa mtu wetu ni mtu wetu," kinyozi alisema.

"Nani kasema?" mgeni aliuliza.

"Mwenye zamu kasema. Mwenye zamu ni mimi au wewe? Pita, shemeji! Pita kabla sijakumbuka akili zangu."

Hospitalini mshonaji alimpa kisogo. Mtungi ulijazwa, wakaanza kurudi, Fundi akisukuma toroli.

"Uliniposa lini, we mwanamume?"

"Bunduki iliniharakisha."

"Ulicheka."

"Nilicheka uzi, sikuicheka sura."

"Uzi gani?"

"Utausikia."

"Rudi, Fundi. Kizuizi chetu hakina kinyozi wa kukukingia."

"Mama yako nilimwahidi sabuni." Akaitoa mfukoni, karatasi yake imeanza kuchakaa. Alikuwa ameibeba tangu siku ile ya simu, apate kumpa mama kwa mkono wake.

Kwenye kizuizi cha upande wa pili alikaa mjomba wa mshonaji, seremala wa zamani, na vijana wanne.

"Soma," mjomba alimwambia Fundi.

Fundi akasoma, polepole, kwa adabu, macho chini. Aya ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha akauma meno: *kat!*

Bunduki nne ziliinuka.

"Hiyo kat ni ya nini?" mjomba aliuliza.

Mshonaji alijiona siku ile ya kurekodi, uzi kinywani, gauni la mteja mapajani. Akacheka, mara ya kwanza baada ya siku kumi, mpaka machozi yakamtoka.

"Ni mimi, mjomba. Nilikuwa nakata uzi kwa meno. Kanikariri nilivyo."

"Na huyu ni nani wako?"

Akamtazama: shati limelowa jasho, pasi yote imekufa, sabuni mkononi.

"Khm," mshonaji alisema. "Ni mchumba wangu."

Mjomba alimwangalia mpwawe, akauangalia mtungi, akauinua mti wa kizuizi kwa mikono yake mwenyewe.

"Zimebaki aya nne," akamwambia Fundi. "Zimalizie njiani. Mgonjwa anasubiri."