Maji Kabla ya Mionzi

Mzee Kasimiri alichonga mpingo mbele ya chumba chake, Kiwalani. Alianza asubuhi, na hakugusa maji mpaka jioni. Maana hata akinywa kidogo tu, alikwenda chooni mara kwa mara, na huko alisimama muda mrefu, mkojo ukitoka kwa matone. Choo kilikuwa cha wapangaji wote. Aliwasikia wakinong'ona.

Lakini si wapangaji waliomuumiza. Mkewe, Anna, alizikwa kwao Newala, na tangu arobaini Kasimiri hakuwahi kurudi kaburini. Basi halisimami kila mzee anapobanwa. Alitamani kwenda kukaa na Anna, hata siku moja tu.

Jirani yake Valerian, Mngoni, alikuja kumtania kama kawaida yao.

"Nyie Wamakonde, mke akishazikwa mnamwachia mbuzi wapalilie?"

Mtu mwingine angefukuzwa. Huyu alikuwa mtani. Kasimiri aliweka patasi chini, akamweleza mambo ambayo hakuweza kumwambia hata binti yake.

Valerian hakucheka. "Mie nilikuwa hivyo hivyo, mtani. Inaweza kuwa tezi dume imevimba tu, inaweza kuwa saratani. Hujui mpaka upimwe."

Kasimiri akaenda hospitali, akapimwa damu, akachukuliwa kinyama kidogo cha tezi kikapimwe, akapigwa picha. Ilikuwa saratani ya tezi dume, lakini haijasambaa. Daktari alisema atatibiwa kwa mionzi inayolengwa kwenye tezi. Angekuja kila siku ya kazi, kwa wiki kadhaa. Na kila mara, kabla ya kuingia, anywe maji mpaka kibofu kijae.

Siku ya kwanza Valerian alimsindikiza, naye akalala chini ya mashine. Hamida, mtaalamu wa mionzi, alitazama picha kwenye kompyuta, kisha akamrudisha nje kwenye benchi.

"Baba, maji umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu."

"Yaulize maua ya pale mlangoni, sista," Valerian akadakia. "Yamekunywa yote."

Kasimiri aliinamisha uso. "Nikijichafua mbele yako je? Wewe ni sawa na binti yangu."

"Shuka tunabadilisha, baba, na wewe si wa kwanza. Kibofu kikijaa, kinasukuma utumbo mbali na mionzi, na sehemu kubwa ya kibofu chenyewe inakaa pembeni. Kikiwa kitupu, tutaunguza visivyohusika. Ndiyo maana napiga picha kwanza. Siwashi mpaka nione kila kitu kipo mahali pake."

Akanywa. Wakasubiri. Mashine ikamzunguka taratibu, wala hakusikia maumivu. Alifumba macho, akatamani atoke amkute Anna anamsubiri. Alimkuta Valerian, amesinzia kwenye benchi, mdomo wazi.

Wiki zile alichoka, na mkojo ulimsumbua zaidi. Alimweleza Hamida bila kuficha, daktari akampa dawa. Hakukosa siku. Miezi ikapita, mkojo ukatulia, na kipimo cha damu kikashuka, dalili kwamba tiba imefanya kazi. Daktari akamwambia aendelee kuja kupimwa.

Ndipo akapanda basi la Newala. Njiani alikunywa maji kama abiria wengine, akashuka pale waliposhuka wengine.

Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani. Akayang'oa kwa mikono, akaketi. Alikuwa na habari nyingi za kumpa Anna. Alikaa naye mpaka jua likazama, na hakuna kilichomwinua.