Malak Hapakatwi

Malak alikuwa ametimiza siku arobaini. Nyumbani kwao Qurum, bibi yake mzaa baba, Bi Nawar, alialika ukoo mzima. Kila shangazi angempakata mtoto na kumbusu.

"Hapakatwi," alisema Mahbuba, mama yake Malak.

"Nna wageni njiani, unanambia hapakatwi?" alimaka Bi Nawar.

"Watakula, Mama. Mtoto hawamgusi."

"Unatutia aibu! Mtoto mnene kama mkate wa mofa, ana maradhi gani?"

"Ana utando mweupe mdomoni, hausikii dawa. Wael alianza hivyo hivyo."

Wael alikuwa kaka yake Malak. Alikufa kwa homa ya mapafu kabla ya kutimiza mwaka. Watu walisema kijicho. Mahbuba hakukubali. Safari hii alikuwa amepeleka damu ya Malak ikapimwe.

Jirani yao, Balqees, daktari wa watoto, aliingia na majibu.

"Damu yetu ina chembe za kinga, limfosaiti," alisema. "Ziko aina mbili, B na T, na zote huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Za B hukomaa humo humo. Za T huenda kwenye tezi iliyo nyuma ya kidari, hujaribiwa huko. Inayotaka kuushambulia mwili wenyewe hufa. Zilizofaulu hutoka, na kila moja hutambua umbo lake moja tu la kijidudu."

"Zinatambuaje?" aliuliza Bi Nawar.

"B hukitambua kijidudu kikiwa kizima. T haikitambui mpaka chembe nyingine ikikatekate, iioneshe kipande."

"Kama mimi na nguru. Nikiona kipande tu, namjua."

"Hivyo hasa, Bi Nawar. Lakini Malak hana T. B anazo, ila bila T hazitengenezi kinga sawasawa. Busu la mwenye mafua linaweza kumuua. Na chanjo za vijidudu hai asipewe kwanza."

Bi Nawar alikaa kitako. "Kwa hivyo Wael..."

"Hakikuwa kijicho," alisema Mahbuba. "Mimi na mume wangu Safwan ni watoto wa ndugu. Huenda sote wawili tumerithi kasoro moja, nayo imekutana kwa watoto. Wael hatukumpima. Huyu simziki!"

Kengele ililia. Mahbuba alikimbilia mlangoni, lakini mkwewe alimtangulia.

"Karibuni uani," Bi Nawar aliwaambia wageni. "Ndani haingii mtu."

"Alaa! Tumekuja kumuona mtoto!"

"Mtamuona kwenye simu. Anayetaka kununa na anune!"

Malak alilazwa chumba cha peke yake hospitalini. Dada yake Noof alipimwa, uboho wake ukalingana na wa Malak. Akatoa, mdogo wake akapandikizwa. Miezi ikapita. Balqees akapima tena: chembe za T zilikuwepo, zinafanya kazi.

Mwaka uliofuata Malak alipata mafua. Mahbuba alimpeleka kwa daktari mbio. Homa ikashuka, mtoto akaomba uji.

Bi Nawar alipiga simu kwa mashangazi wote.

"Mjukuu wangu kaugua mafua," alisema kwa majivuno, "na kinga yake mwenyewe imeyafukuza!"