Tarehe Iliyong'olewa

Mnara ulikuwa umesimama, lakini umejeruhiwa. Inspekta Atumani aliuzunguka mara moja, akatamani kuketi. Asubuhi haijaisha na mwili ulikwishachoka.

Bustani ile ya mtaa wa Gihosha ilikuwa ya Mbelgiji mmoja wa zamani, tajiri wa kahawa: nyasi zilizokatwa, misonobari kwa safu, na nguzo ya mawe aliyomjengea marehemu mkewe. Siku hizi maharusi huja kupigia picha hapo. Népomuscène, aliyeinunua nyumba, alijenga nguzo ya pili, ndiyo huo mnara uliojeruhiwa, kumkumbuka mdogo wake Loïc, aliyekwenda kazini mwaka 2016 asirudi. Jumamosi ndiyo ingezinduliwa, siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga.

"Ni wezi wa Kinama," alisema Népomuscène. "Wanang'oa herufi za shaba, wanauza kwa kilo. Fanya mbio, afande, wageni wanakuja."

"Jina wameacha?"

"Wameacha."

"Na mwaka wa kuzaliwa?"

"Iko."

Herufi za jina zilikuwa nzito, shaba tupu. Kilichong'olewa kwa tindo ni tarehe ya kufa, basi. Mwizi gani huyo anayechagua? Kikulacho ki nguoni mwako. Atumani aliomba kuwaona watu wa nyumbani.

Alianza na Bella, mke wa Loïc.

"Bwana yako alikufa lini?"

"Ile siku alitoka. Familia tulikubaliana hivyo." Aliinamisha uso. "Mi nimechoka kungoja, afande."

Mama mzazi wa Loïc alikuwa jikoni, kiganja kimefungwa kitambaa.

"Mama, Loïc alikufa lini?"

"Nani alikuambia alikufa?"

"Mukono iko na nini?"

"Nyundo." Hakukwepesha macho. "Ni mi. Nambari nimezitupa mu choo. Ukizitaka, ingia."

"Sababu gani, mama?"

"Maiti hatukuona. Kaburi apana. Wakisha kuganduka, nani atamutafuta tena? Jina lake wanaweza kuandika, ni muzuri. Lakini kusema alikufa, apana!"

Sauti ilimkatika, kisha ikarudi kali.

"Jiwe limevunjika jana, leo polisi mumesha fika. Kwa mutoto wangu, nani alipanda huku kilimani kumutafuta?"

Atumani aliona haya, haya iliyouzidi uchovu wake wote.

Nje, Népomuscène alimjia mbio.

"Umemupata?"

"Ni mama yako. Ukitaka kumushitaki, sema."

Népomuscène alitazama upande wa jikoni. Hakushtaki.

"Sasa wageni niwaambie nini?"

"Waambie Loïc bado anatafutwa."

"Na nani?"

Atumani alijua pengine hatampata.

"Nipe picha yake," alisema.