Timu ya Jairus Haijitoi

Jumapili ile, baada ya kanisa, Jairus alikataa chai. Ilikuwa Juni 1974. Zilpah, mkewe, alimwekea kikombe mezani, nacho kikapoa hivyo hivyo.

Jairus alikuwa kapteni wa timu ya watu wa Afrika Mashariki hapa mtaa wa Sparkhill, England. Jumamosi walipaswa kucheza na timu ya kiwanda kimoja cha mtaa jirani wa Tyseley. Mwaka jana kiwanda kiliwafunga saba bila. Sasa Jairus alitaka kujitoa, ingawa timu inayojitoa hufutwa kwenye ligi.

"Wana kiwanja chao, wana coach, wana wafanyakazi elfu mbili wa kuchagua," alisema. "Sisi tuna nini? Mwenye nguvu mpishe."

Jirani yao Kanta alikuwa pale sebuleni. Alifundisha jiografia Kampala kabla ya kufukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, na mpaka leo wanamwita Mwalimu. Alicheka.

"Jairus, Kombe la Dunia linaanza wiki hii Ujerumani. England wanakwenda?"

"Hawakufuzu."

"Matajiri hawa? Na Scotland, watu milioni tano tu?"

"Wanakwenda."

"Haiti maskini?"

"Wanakwenda."

"India, mamia ya mamilioni?"

"Hawamo."

"Kumbe pesa na wingi wa watu si kitu?" Zilpah aliuliza.

"Ni kitu sana, dada. Pesa inaleta viwanja, makocha, na safari za kucheza na wenye uzoefu. Watu wakiwa wengi, vipaji ni vingi. Lakini kipaji kisichochaguliwa hakifungi bao. Na nafasi zenyewe hazigawiwi sawa. Ulaya ina timu tisa. Afrika nzima ni Zaire peke yake! Hiyo ni dhuluma, tuipigie kelele. Lakini na nyinyi mnajidhulumu. Timu mnaipangaje?"

"Kwa haki, Mwalimu. Wakristo wanne, Masingasinga watatu, Waislamu wawili, Wahindu wawili. Kila jamii iridhike."

"Mko wachache, halafu mnajipunguza tena! Gurmit ni kipa hodari. Mbona anakaa nje?"

"Nafasi za Masingasinga zimejaa."

Zilpah akagonga meza. "Jairus, hii ni harusi ama ni mpira?"

Jairus alisimama. Hasira ilimpanda, safari hii juu yake mwenyewe. "Hatujitoi! Atakayenuna na anune."

Wiki hiyo walifanya mazoezi kila jioni. Aliyecheza vizuri ndiye aliyepangwa, awe wa dini yoyote. Wazee wa kila jamii walinung'unika sana. Jairus hakurudi nyuma, na Idd, kijana mwingine aliyekuwa akiachwa nje, alipomshinda mbio, alimwachia nafasi yake akaketi benchi.

Jumamosi kiwanda kilishambulia mpaka kikachoka. Gurmit alidaka kila kitu. Mwishoni Idd akaponyoka, akafunga. Moja bila!

Kocha wa kiwanda alimjia Jairus. "Vijana hawa mmewatoa wapi?"

"Walikuwako hata mwaka jana," Jairus alijibu, kifua mbele. "Sisi wenyewe tuliwaweka nje. Kosa hilo halitawafaidi tena."