Kilichozima Jiko la Kavutha

Nyumbani kwa Kavutha, karibu na soko la Mwala, maji yalifanya kazi tatu kabla ya kupumzika. Kwanza yalifua nguo. Kisha yalisugua sakafu. Mwisho yalimwagwa kwenye mpapai nyuma ya nyumba. Sheria hiyo iliwekwa na Mbinya, mama mkwe wake, ambaye alibeba maji mgongoni tangu akiwa msichana. Siku hizi punda ndiye aliyeyabeba, lakini mto ulikuwa mbali vilevile. Mbele ya Mbinya, heri umwage maziwa kuliko maji.

Kavutha naye alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kwake kulikuwa kumezidi. Mwaka wa 2006, chuo kikuu kimoja kilikuja Mwala kutafuta watu wa kufundishwa kujenga mitambo ya baiogesi. Wengine waliuliza watalipwa nini. Kavutha aliuliza, "Hiyo gesi inatoka wapi?"

"Kwa kinyesi cha ng'ombe," akajibu mtaalamu wa chuo. Huyo aliitwa Fathia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe Masii, na Fathia alikulia kando ya zizi. Hakuogopa kuchafua viatu.

"Kinyesi inawaka moto?" Kavutha akashangaa.

"Yenyewe haiwaki. Mtambo ni kama tumbo. Ndani kuna vijidudu vidogo sana, huwezi kuviona. Ukivipa kinyesi na maji, mahali hewa haiingii, vinakula. Vikila, vinatoa gesi. Gesi inapita kwa bomba mpaka jikoni kwako."

"Na vikikosa kula vizuri?"

"Vinakufa. Na wewe unarudi kwa kuni."

Mapatano yalikuwa wazi. Chuo kingeleta saruji, mabomba na mafunzo. Wenyeji wangeleta matofali, mchanga na nguvu zao. Mtambo wa kwanza ungejengwa kwa Kavutha, na watu sita wa hapo, Kavutha akiwa mmoja wao, wangejifunzia ufundi. Ukifanya kazi vizuri, hao sita wangeajiriwa kujenga mingine kumi, Mwala na Masii. Ukishindwa, chuo kingeleta mafundi kutoka Nairobi.

Kavutha aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Mumewe, Munyao, alikuwa akipasua mawe kule Mlolongo, na nyumbani walimwona mwisho wa mwezi tu. Kavutha alitaka kazi ambayo ingemruhusu kulala kwake.

Watu wa mwethya, wale majirani wanaosaidiana kazi, walichimba shimo kwa siku nne huku wakiimba. Kavutha akashika mwiko. Alijenga kuba ya matofali chini ya ardhi, tofali juu ya tofali, akipima kila mstari. Siku ya kufunga mabomba, Fathia alichovya brashi kwenye maji ya sabuni na kupaka kila kiungo.

"Kwa nini sabuni?" Kavutha akauliza.

"Gesi ikivuja, utaona povu linafura. Usiwahi kutafuta gesi na kiberiti. Kiberiti itakupata wewe kwanza."

Hakuna kiungo kilichovuja. Mbinya alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde. Aliyatazama yote hayo.

Baada ya wiki tano, moto wa buluu uliwaka jikoni. Wanawake wa jirani walikuja kuutazama kana kwamba ni mtoto mchanga. Mbinya alionja chai. "Hii chai haina moshi," alisema, kama mtu anayelalamika. Kisha akaomba kikombe cha pili.

Kavutha aliendelea na mafunzo Masii. Aliondoka mapema kila asubuhi, kwa hiyo Mbinya ndiye aliyeulisha mtambo: ndoo mbili za kinyesi, ndoo mbili za maji. Katika wiki ya tatu, moto ulianza kudhoofika. Katika wiki ya nne ulizima kabisa.

Maneno hayakuchelewa kufika sokoni. "Kavutha amezika saruji," watu walisema wakicheka.

Mzee Maundu, mwenyekiti wa kikundi cha mwethya, alikuja na fimbo yake akagonga ardhi juu ya mtambo. "Kuba imepasuka," akasema. "Mimi nilisema hii kazi si ya wanawake. Kesho Fathia akikuja, nitamwambia alete mafundi ya Nairobi."

Maneno hayo yalimuuma Kavutha, na alilia kidogo jikoni, mbele ya jiko baridi. Lakini hata machozi hayakumzuia kuuliza. Kama kuba imepasuka, mbona tope la kinyesi lililo ndani halijashuka? Alichukua brashi na sabuni, akapaka viungo vyote upya. Povu halikufura popote.

Basi shida haikuwa kuba wala bomba. Akaenda mahali tope linapotokea, akalikoroga kwa kijiti. Povu jeupe likapanda. Akainama akanusa. Tope halikunuka ng'ombe. Lilinukia kama nguo za Jumapili.

 Alijua sasa ni nini kimeingia. Alijua pia ni nani aliyeshika ndoo.

Kesho yake watu wapatao ishirini walikusanyika uani. Mzee Maundu alisema yake kuhusu kuba iliyopasuka. Fathia akamgeukia Kavutha. "Fundi, wewe umeona nini?"

"Kuba ni nzima," Kavutha alisema. "Bomba ni nzima. Lakini ndani kuna sabuni."

"Nani aliweka sabuni?" Maundu akauliza kwa ukali.

 Mtu hamwaibishi mama mkwe wake mbele ya kijiji. Kavutha aliitazama mikono yake yenye nyufa za saruji, na akaona kazi yake ikimponyoka hivyohivyo.

"Unaona?" Maundu akasema. "Hana jibu."

Kigoda kikalia. Mbinya alikuwa amesimama.

"Ni mimi," alisema. "Msimwangalie huyu. Hiyo maji inatoka mbali na punda. Nitamwagia kinyesi maji safi namna gani? Nilikuwa nafua, halafu ile maji ya kufua naweka huko. Na niliwaona hawa wawili wakipaka bomba sabuni. Nikasema, kumbe sabuni ndiyo dawa yake."

Watu wakaangua kicheko. Fathia hakucheka.

"Mama, nje sabuni inatuonyesha mahali gesi inavuja," alisema. "Lakini ndani inaua vile vijidudu. Hata dawa ya kupe ni hivyo hivyo, ikiingia inaviua. Na kosa si lako. Ni letu sisi wa chuo. Tulifundisha mafundi, tukasahau kufundisha mwenye kushika ndoo."



"Sawa," Mbinya akasema. "Sasa hiyo maji safi nitatoa wapi kila siku?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Kavutha alikuwa akilitazama zizi.

"Na mkojo ya ng'ombe?" akauliza. "Si hiyo inaenda bure kwa mchanga?"

Fathia akatabasamu. "Inafaa. Nusu mkojo, nusu maji. Tengeneza sakafu ya saruji na mfereji, mkojo ukusanyike."

Mzee Maundu alikohoa. "Mwezi moja," akasema. "Moto ukikosa, tunaita Nairobi."

Waliondoa tope lililoharibika, wakalitupa shimoni mbali na shamba. Fathia akaleta mitungi ya tope kutoka mtambo wa chuo uliokuwa ukifanya kazi, ili vijidudu hai vianze upya. Kavutha akajenga sakafu ya zizi yenye mteremko na mfereji. Mbinya akaiweka ndoo ya mtambo mahali pake peke yake, na ole wake aliyeigusa kwa mikono yenye sabuni.

Siku ya ishirini na nne, Kavutha alifungua bomba na kuwasha jiko. Moto ukashika, wa buluu, umesimama wima. Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Mzee Maundu alikuja, akainama, akautazama moto kwa makini.

"Kuba haikupasuka," akasema.

"Haikupasuka, mzee."

Akakuna kidevu. "Mimi niko na ng'ombe nne. Utakuja kunijengea lini?"

Mitambo yote kumi ilijengwa na mafundi wa hapo. Munyao aliacha kupasua mawe. Alirudi nyumbani kumbebea mkewe matofali, na watu wakimtania, alijibu kwamba tajiri wake wa sasa anampikia pia.

Kila asubuhi Kavutha alipotoka na mwiko wake na kamba ya kupimia, Mbinya alikuwa zizini, ndoo mkononi.

"Kavutha!" alimwita. "Ukifika kwa watu, usianze na kamba. Kwanza uliza ni nani atashika ndoo!"

Na kila nyumba aliyofika, hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.