Fundi Aliyepokea Spana

Asubuhi ile mkono wa gia haukucheza.

Fundi aliusukuma kwa kidole kimoja, kama alivyofanya kila asubuhi tangu gari lile la zamani liingie uani kwake, akitegemea uyumbe kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Haukuyumba. Akaushika kwa kiganja kizima. Ulikuwa umekaza, na ulikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Angepaswa kufurahi. Badala yake alitazama kiti cha dereva, akauachia mkono wa gia.

Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumfokea mteja wala kulipiga gari nyundo kwa hasira. Lakini gari hili lilikuwa limemvua upole wake wote. Alibadilisha bushi za gia, zile pete za mpira zinazoushikilia mkono wake, zikalegea. Akachonga nyingine kwa mpira mgumu, nazo zikalegea. Alibadilisha springi, akabadilisha pini, akashusha giaboksi na kuipandisha tena huku mgongo ukimlilia, na kila alichokaza jioni alikikuta asubuhi kinaning'inia. Mkewe alipita na beseni la nguo akamwambia kwamba hata ndoa yao haijawahi kukazwa mara nyingi hivyo. Taratibu hakucheka.

Hakucheka kwa sababu ya binti. Binti yao mkubwa, ambaye yeye humwita "mama" kwa kuwa alirithi jina la mama mzazi wa Taratibu, alikuwa ametolewa shule ada ilipokosekana. Sare yake bado ilikuwa imetundikwa msumarini, imepigwa pasi, na kila wiki binti aliishusha akaifua ingawa hakuna aliyeivaa. Mwenye gari alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyelipenda gari lake kuliko meno yake. Alimwambia Taratibu kwamba gari likikaa sawa, atampakia binti humo humo, ampeleke shule ya bweni inayoongozwa na dada yake, na gharama zitakuwa juu yake mpaka amalize. Huo ndio ulikuwa ujira wa kazi ile. Hapakuwa na mwingine.

Sasa, katika karakana ambako Taratibu alijifunza kazi, fundi aliyeshindwa hakusema kwamba ameshindwa. Aliacha spana yake juu ya kiti cha dereva, akaondoka. Fundi mwingine aliyejiona anaweza aliichukua spana ile, na pamoja nayo akachukua kazi na malipo yake, na yule wa kwanza hakuruhusiwa kunung'unika. Bila spana kitini, hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake.

Jana jioni, bushi za mwisho zilipopasukia mkononi mwake, Taratibu aliweka spana juu ya kiti. Aliiweka kwa hasira tu, na kwa mazoea. Uani pale hapakuwa na fundi mwingine. "Anayeliweza alichukue," alisema, akaenda kunawa.

Na sasa gia imekaza, na spana haipo.

Alifungua kifuniko cha chini ya gia. Vumbi lilikuwa palepale, na alama za rangi alizoweka kwenye boliti hazikuguswa. Mahali pa bushi palikuwa patupu. Mkono wa gia ulisimama wima, imara, bila kitu chochote kilichoushikilia.

Akajiambia kwamba macho yake yamechoka. Akawasha injini. Gia ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma. Ya kurudi nyuma iliingia yenyewe, laini, kabla hajaugusa mkono, na gari likaanza kurudi polepole kuelekea nyumbani, kuelekea dirisha la chumba cha binti. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Injini ilipozimika, ndani ya gari kulinuka maziwa yaliyoungua.

Alimwita mkewe, wakalisukuma mpaka kwenye lango, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mkewe alimuuliza mawe yote hayo ni ya nini. Akajibu kwamba breki hazishiki.

Kesho yake mawe yalikuwa yamepangwa pembeni, moja juu ya jingine, vizuri kabisa, kama vyombo vilivyooshwa. Bampa la nyuma lilikuwa limegusa ukuta chini ya dirisha. Na ndani ya gari, kwenye kiti cha abiria, binti alikuwa amekaa na sare yake ya shule na mkoba magotini, macho wazi, anatazama mbele.

Taratibu alifungua mlango kwa uangalifu, kama mtu anayefungua kiota.

"Nani kakuleta huku, mama?" alinong'ona.

"Fundi mwenzako."

"Mimi sina mwenzangu."

"Yule mwenye vidole virefu." Binti naye alinong'ona, kama mtu aliye maktabani. "Hafungui chochote, baba. Anaingiza mkono tu, na vidole vinashuka mpaka chini kwenye giaboksi. Amesema nisichelewe. Amesema kazi yake imekwisha, anasubiri malipo."

Mkewe alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. Hakujua habari za spana, maana Taratibu alikuwa ameona aibu kuzisema. Alizisema pale pale, kwa maneno machache. Mkewe akamuuliza kwa sauti ya chini sana malipo ya kazi ile ni nini. Wote wawili walikuwa wanamtazama binti.

Mchana wakamleta mtu wa dua kutoka mtaa wa pili, bwana mfupi mwenye mafua yasiyopona. Alisoma, akapiga chafya, akasoma tena, akalizunguka gari, na kila alipogeuka kona, mkono wa gia nao ulijigeuza kule ndani, ukimfuata. Akafunga kitabu chake. Alionekana mtu aliyeudhiwa zaidi kuliko aliyeogopa.

"Huyu siwezi kumfukuza," alisema. "Ningemfukuza angekuwa amevamia. Nyinyi mmempa kazi, naye kaifanya. Aliyempa ndiye amwachishe, na hataachishika mpaka malipo yenyewe yafutwe. Yafutwe kabisa. Mwalimu akija kumsomesha binti huyu, leo au mwaka kesho, kwa gari au kwa miguu, mwenye madai atakuja kuchukua chake, na chake ni binti."

Mwalimu aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakuuliza hali ya gari. Alisema, bila kumtazama binti, kwamba ahadi yake ameiondoa. Kisha ikabaki zamu ya Taratibu.

Taratibu alikaa kwenye kiti cha dereva na kuufumbata mkono wa gia, na juu ya mkono wake ukatua mkono mwingine, ambao hakuuona lakini aliujua uzito wake, vidole vikimzunguka kifundo mara moja na mara ya pili na kuendelea kupanda kuelekea kiwiko, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa mpaka machozi yakamtoka, na karibu sana na sikio lake kitu kikaanza kuunguruma kama injini iliyo mbali, kwa subira, kama anavyounguruma fundi anayejua kwamba kazi yake ni safi na haki yake iko wazi.

"Baba, usiseme," binti alisema kutoka mlangoni.

Alifumba macho. "Kazi hii haina malipo," akasema. "Aliyeifanya ameifanya bure. Nimeichukua mwenyewe, na mimi nimeshindwa."

Ngurumo ikakatika. Mkono wa gia ukaanguka upande, umelegea kama shingo ya kuku. Spana ikadondoka miguuni pake bila kutoka popote, na juu ya chuma chake kulikuwa na mashimo ya vidole, yamebonyea kama kwenye udongo.

Gari lilivutwa kwa kamba kabla ya jioni. Mwalimu alitembea kando yake kama anayesindikiza jeneza.

Siku chache nyumba ilitulia. Mkewe alianza kuimba tena akifua. Binti alikula, alifagia, alijibu alipoulizwa. Lakini sare haikurudi msumarini, na Taratibu hakuthubutu kuuliza ilikokwenda. Asubuhi moja alimkuta binti amekaa kizingitini, akaketi naye. Alitaka kumwambia kwamba alichokifanya alikifanya kwa ajili yake, na kwamba milango mingine ipo.

Binti ndiye aliyetangulia kusema. "Yule mwenye vidole virefu aliniahidi nitasoma. Wewe umeniahidi nini?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Taratibu alitazama chini, kwa aibu, na ndipo alipouona mkono wa kushoto wa binti juu ya goti. Ulikuwa umefumbata hewa. Ukasukuma mbele, ukatulia. Ukavuta nyuma. Ukaenda pembeni na mbele, kisha nyuma tena, bila haraka, kwa ufundi ambao yeye hakumfundisha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Gari lile lilikuwa na gia nne tu, na hakuna aliyelijua kuliko yeye.

Mkono wa binti ukasogea pembeni zaidi, ukapapasa kidogo, ukaipata ya tano. Akaiingiza, akaegemea nyuma, na nywele za utosini zikainuka kama za mtu aliyekaa dirishani gari linapoongeza mwendo.